Siku Yangu Moja ya Kukagua Jeti Kabla Haijanunuliwa

Saa 12 asubuhi ninafika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, wakati marubani wa safari za Mara wanaanza kukagua ndege zao. Kazi yangu leo ni kukagua jeti ndogo, Cessna Citation CJ3 ya mwaka 2006, ambayo mama mmoja mfanyabiashara wa Mombasa anataka kuinunulia kampuni yake. Amekwisha kutoa arubuni, nayo inashikwa na wakili hadi ripoti yangu itoke. Nilisisitiza tufanye ukaguzi katika hanga ambalo halijawahi kuihudumia ndege hii, maana fundi hapaswi kuwa hakimu wa kazi ya mikono yake.

Saa 1 ninaketi na madaftari ya kumbukumbu, ingawa ndege yenyewe inang'aa kwa rangi mpya na viti vya ngozi. Imeruka saa 3,610 tangu iundwe, ilhali injini zake mbili, Williams FJ44-3A, hutakiwa kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa zikifikisha saa 4,000. Kampuni itakayoruka saa 250 kwa mwaka haitamaliza mwaka wa pili kabla ya kudaiwa mamia ya maelfu ya dola kwa kila injini. Laiti muuzaji angejiunga na mpango wa kuchangia matengenezo ya injini kwa kila saa anayoruka, sehemu kubwa ya mzigo huo ingekuwa imekwisha kulipwa. Hakujiunga, na ndiyo maana bei yake imeonekana nafuu.

Saa 4 mwanagenzi wangu ananiita kutoka chini ya bawa. "Fundi, namba hizi hazilingani." Ninalala chali, ninafuta grisi kwa kitambaa na kumulika tochi: silinda inayokunja gurudumu la kushoto imechongwa namba inayoishia na 7, lakini cheti kilichomo katika faili kinaishia na 1. Huenda ni kosa la kalamu tu. Huenda pia silinda ilitolewa katika ndege nyingine, ikiwa imekunja na kukunjua magurudumu mara ambazo hakuna aliyezihesabu. Hatuna njia ya kuyatofautisha hayo mawili, na kwangu mimi sehemu isiyojulikana ilikotoka haifai kubeba watu, hata ikionekana nzima.

Chini ya sakafu ya choo ninakuta unga mweupe wa kutu ya alumini, ambao ninaukwangua kwa ukucha, haujapenya, unasafishika. Tunaingiza kamera nyembamba ndani ya injini zote mbili, na mapanga ya turbini ni mazima.

Saa 8 mama anapiga simu akitaka kujua kama ataweza kuondoka Wilson moja kwa moja hadi Johannesburg. Ninamweleza kwamba uwanja huu uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari na njia zake za kurukia zina kama mita 1,500 tu. Hewa ikiwa nyepesi na jua la mchana likipanda, jeti huhitaji umbali mrefu zaidi kuliko pwani. Mombasa ataenda bila shida. Kwa Johannesburg, akijaza mafuta na abiria, itampasa aondokee Jomo Kenyatta, ambako njia inapita mita 4,000.

Saa 10 ninampa wakili namba ya fremu, yaani mwili wa ndege, na za injini, apekue sajili ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ile ya kimataifa iliyoko Dublin, ambamo madai ya wakopeshaji huandikishwa chini ya Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001. Deni la muuzaji lisilofutwa linaweza kuifuata ndege hadi kwa mmiliki mpya.

Saa 1 usiku ripoti iko tayari. "Fundi, ingekuwa pesa yako, ungeinunua?"

"Mama, kwa bei hii nisingeinunua. Gharama ya injini ipunguzwe kwenye bei, na silinda ibadilishwe kwa nyingine yenye cheti chake, kwa gharama ya muuzaji, kabla hujatia saini."

Ananyamaza kidogo, kisha ananiagiza nimtumie dalali wa muuzaji picha ya ile namba usiku huu huu.