Siku moja darini: bati linapotoka jasho

Saa 11 alfajiri, Boko, Dar es Salaam

Ukitaka kujua kama bati linatoka jasho, panda darini kabla ya jua. Ukifika saa 4 asubuhi utakuta kila kitu kikavu, na mwenye nyumba ataishia kununua silikoni ya kuzibia isiyohitajika. Ni Juni, masika yamekwisha, mbingu haikuwa na wingu usiku kucha, na mvua haijaonekana hapa kwa siku tisa. Hata hivyo dari ya jipsamu ya korido ina madoa ya rangi ya chai.

"Fundi, mvua hamna, haya maji yanatoka wapi?" anauliza mama mwenye nyumba.

"Tupe nusu saa, mama. Kwanza tuyaone yenyewe."

Tochi ikipigwa kwa ubapa, upande wa chini wa bati unametameta. Matone yamepangana kwenye kila bonde la bati, yanateleza polepole kufuata mteremko, yakifika kwenye papi, mbao zinazoshika bati, yanasimama, yananenepa, yanadondoka. Ncha za misumari zilizochomoza zina kutu, kila moja na duara jeusi kwenye mbao. Hii ndiyo tofauti ya kwanza: paa linalovuja lina sehemu yake, penye msumari uliolegea, kwenye kofia inayofunika kilele cha paa au pale mapaa mawili yanapokutana. Jasho limeenea paa zima, na huonekana hata siku kavu.

Tunapima. Hewa ya darini ni nyuzi 22, unyevu asilimia 85. Hewa ya namna hiyo huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 19 na kidogo. Bati linasoma 17. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto lake kwenda angani hadi likawa baridi kuliko hewa yenyewe. Angalizo kwa wanaotumia kipimajoto cha mwanga: bati linalong'aa hukidanganya. Bandika kipande cha mkanda mweusi wa umeme, ngoja dakika chache, kisha upime juu ya mkanda.

Kipimo cha unyevu wa mbao cha pini mbili kinatoa asilimia 24 kwenye papi zilizo chini ya matone na 15 katikati ya kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa. Mbao za Pwani kukaa kwenye 14 hadi 16 ni kawaida. Zikivuka 20 na kubaki hapo, kuvu na mchwa wamekaribishwa. Mbao zilizopigwa dawa za chumvi ya shaba husoma juu kidogo ya hali halisi, kwa hiyo linganisha sehemu mbili za mbao ileile badala ya kuiamini namba moja.

Saa 12 na nusu asubuhi

Jua limegusa bati, matone yanakoma. Sasa tunatafuta mvuke unakotoka, na jibu liko futi nne kutoka kwenye mfuniko wa dari: feni ya bafuni inanyonya hewa ya moto vizuri kabisa na kuimwaga humu humu darini. Fundi aliyeifunga hakuweka bomba la kuitoa nje. Bomba la hewa la choo nalo limekatwa chini ya bati. Maji ya kuoga ya watu sita, kila jioni, yanapanda kuja kulala hapa.

Tatizo la pili ni njia ya kutokea. Dari ya nje chini ya upenu imezibwa yote, na kofia imejazwa saruji. Kanuni inayotumika Marekani ni mita moja ya mraba ya matundu kwa kila mita za mraba 150 za dari, au moja kwa 300 ikiwa nusu ya matundu yako chini kwenye upenu na nusu juu karibu na kofia. Nyumba hii ina mita za mraba 120, kwa hiyo kwa mpango wa chini na juu tunahitaji mita za mraba 0.4. Tundu la sentimita 30 kwa 15 ni 0.045, lakini wavu wa mbu hula karibu nusu yake. Inabaki kama 0.0225, yaani matundu 18: tisa chini, tisa juu. Wengi huweka manne ya urembo wakadhani wamemaliza.

Saa 3 asubuhi, Mbezi Beach

Hapa ni paa la kujificha, yaani lililozungukwa na ukuta hadi halionekani kutoka chini, na tuseme wazi, mitindo hii hupendeza kwenye picha kuliko kwenye masika. Bati limelala, gata la kukusanya maji ya mvua liko ndani ya ukuta, na hakuna upenu wa kuingizia hewa.

Wameshapaka lami mara tatu kwenye maungio ya bati na ukuta. Chini ya lami kuna saruji iliyotandazwa juu ya bati, nayo imelila: saruji mbichi hushambulia zinki na alumini, kisha hupasuka bati linapotanuka mchana, na ufa unashika maji. Tunabandua yote. Kinachotakiwa ni kuchimba mfereji wa sentimita 2.5 ukutani, kukunja kipande cha bati kiingie humo na kushuka juu ya mgongo wa bati la paa, kisha kuziba mfereji kwa silikoni isiyo na asidi. Ile inayonuka siki inachubua zinki.

Gata lina tundu moja tu la kutolea maji, nalo lina majani ya mwarobaini. Tunatoboa tundu la dharura ukutani, chini ya usawa wa ukingo wa bati, ili gata likiziba maji yatoke nje mbele ya macho ya watu, si ndani. Juu ya ukuta wenyewe saruji imepasuka, na ndiyo sababu rangi ya sebuleni inatoa unga mweupe chini ya dari. Unga huo ni chumvi inayosukumwa na maji yaliyoingia kupitia ukuta, na bati linasingiziwa.

Upande unaotazama bahari kutu imeanzia chini ya ncha za bati, mahali mvua isipofika. Chumvi huvuta maji hewani unyevu ukipita asilimia 75, kwa hiyo sehemu hiyo hailali kavu. Ioshwe kwa maji baridi ya bomba kila baada ya miezi mitatu.

Saa 7 mchana

Ndani ya nyumba hiyohiyo, doa la chumba cha kulala halihusiani na paa. Ni bomba la AC linalopita darini: mpira wa povu unaolifunika ni wa milimita 9, umebanwa na kamba za plastiki hadi umekuwa karatasi, na kila ulipobanwa panadondoka. Tunabadilisha kwa wa milimita 19, kila bomba na mpira wake, maungio kwa gundi na mkanda.

Mwenye nyumba anataka kuongeza pamba ya kioo juu ya jipsamu. Bila foili upande wa juu, usiku wa kaskazi AC ikiwa nyuzi 18, ataongeza tatizo: jipsamu itakuwa baridi zaidi, na hewa ya unyevu bado itaipenya pamba. AC ikae 24 au 25, na isipulize dari moja kwa moja.

Saa 9 alasiri, Tegeta

Dukani, kabla ya kununua, tunafunua bati la tatu na la nne la rundo, si la juu. Maji yakikaa katikati ya mabati yaliyorundikwa huacha unga wa kutu nyeupe. Tunachukua geji 28, iliyo nene zaidi, badala ya 30, na skrubu zenye wosha ya mpira. Skrubu hukazwa mpaka mpira utokeze kidogo tu pembeni. Ukibinuka na kupasuka umeshapoteza. Bati likatwe kwa mkasi: cheche za grainda hunata kwenye rangi na kuzaa vidoa vya kutu.

Saa 11 jioni, Boko tena

Bomba la inchi 4 la feni limetoka nje kupitia ukutani, likiinamia nje kidogo ili maji yasirudi. Bomba la choo limerefushwa kupita juu ya bati. Jipsamu yenye ukungu tumeikata sentimita 30 kupita doa, tukiwa na barakoa na bila kufagia kikavu. Papi mbili zilizooza hadi bisibisi kuzama sentimita moja zimebadilishwa.

Matundu tisa ya upenu yamekamilika, ya juu ni kesho. Mkanda mweusi tumeuacha kwenye bati, na kipimo cha unyevu kinaning'inia kwenye kenchi ya tatu. Cha pili kiko nje barazani, tupate cha kulinganisha.

"Kesho mnakuja saa ngapi?" anauliza mama.

"Saa 11 alfajiri, mama. Na leo watu waoge kama kawaida."