Kichwamaji Wodini

Mama alipolazwa Kisumu, nilinyakua kitabu cha kwanza nilichokiona rafuni nikakitia mkobani pamoja na thamosi ya uji. Kilikuwa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka wa 1974. Nilikuwa nimekisoma chuoni, au tuseme nilikichimba kutafuta majibu ya mtihani. Pambizoni penseli yangu ilikuwa bado inasomeka: "udhanaishi", ile falsafa inayohoji maana ya kuishi, "upweke", na mahali pamoja, kwa herufi kubwa, "MAISHA HAYANA MAANA", nimeyapigia mistari miwili utadhani ni habari njema.

Enzi hizo Kazimoto, mhusika mkuu, alikuwa shujaa wangu. Msomi wa chuo kikuu aliyekosa raha kwao Ukerewe, alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Nami nilijiona vivyo hivyo kila niliposhuka matatu kwetu Vihiga. Ukerewe iko kwenye ziwa hili hili letu, upande wa Tanzania, lakini sikuwahi kuifikiria kama mahali watu wanapovua samaki na kuuguza wagonjwa.

Safari hii Kazimoto alinichosha. Anawaza vizuri, sikatai, na lugha yake ni nyepesi hata mtoto wa darasa la nane anaisoma. Ugumu umejificha chini. Ila bwana huyu huwaza wengine wakipika. Nikajikuta nikikawia kwenye kurasa nilizoziruka zamani, za dada yake Rukia na za mkewe Sabina.

Kitanda cha pili alilazwa mzee aliyevimba miguu, mkewe akimkanda. Mama huyo akaniuliza:

"Mwanangu, kitabu gani hicho kinakukunjisha uso hivyo?"

Nikamsimulia: Manase, mwenye cheo, aliyempa Rukia mimba, Kazimoto kumwoa Sabina, dada ya huyo huyo Manase, mwishowe Kazimoto kujiua. Nikaongeza, kwa sauti ya mhadhara, kwamba mwandishi anahoji kama kuishi kuna maana yoyote.

"Na Sabina?"

"Sabina vipi, mama?"

"Huyo bwana ameshakufa, amepumzika. Mke amebaki na nani? Wakwe wamemwacha akae kwenye hiyo nyumba?"

Nikaanza kumweleza kwamba hadithi ni ya Kazimoto, yeye ndiye anayesimulia.

"Ndiyo maana," akasema, akipangusa mikono kwenye leso. "Haya, weka kitabu chini unisaidie kumgeuza mzee. Shika hapa kwenye bega, si huko."