Mnataka kuruka au mnataka kuwaona?

Desemba 2018 tulipanga hoteli ya ufukweni Jambiani, Unguja, likizo ya kwanza ya familia ambayo haikuwa ya kwenda Muheza kwa wazee. Watoto walikuwa na mradi mmoja tu: pomboo. Binti yangu, darasa la tano wakati ule, alikuwa ameona picha pale mapokezi, mtalii anaogelea bega kwa bega na pomboo, na kijana aliyekuwa akiuza safari nje ya geti akamtia moto zaidi: "Utawagusa kabisa, mdogo wangu." Mume wangu akalipa bei ya wakaazi, akakodi na miwani ya kuzamia na mapezi ya watu wanne. Mama yangu alikataa kuhesabiwa. "Mimi nakwenda kuangalia. Kuoga nimeshaoga bafuni."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Gari lilipita Makunduchi giza halijaisha, watoto wamelala midomo wazi. Tulipofika Kizimkazi Dimbani mama akataka tuanzie msikitini. Kwa nje hauna kishindo, mtu anaweza kuupita asigeuze shingo, lakini kwenye kibla yamo maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 kwa hesabu ya Wazungu. Mama alisimama mlangoni akasoma Fatiha taratibu, huku mume wangu akitazama saa na boti zikiondoka moja moja.

Nahodha wetu alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya vito iliyopauka. Alimwamkia mama, "Shikamoo bi mkubwa," wakaulizana habari za nyumbani kana kwamba hakuna mtu anayesubiri. Mama alivalishwa boya juu ya baibui, kamba zikamshinda kifundo, nahodha akamfunga mwenyewe kwa adabu, akitazama pembeni. Upepo ulikuwa wa kaskazi mwepesi na bahari shwari. Kwa upande ule wa kusini mwa Unguja, hiyo ndiyo miezi ya kwenda.

Sasa, nisiwadanganye kuhusu kilichokuwa kikiendelea huko mbele. Msimu wa Krismasi hoteli zote zimejaa, na kila hoteli inawaleta watu wake pale pale, saa ile ile. Tulikuta boti nyingi zimejipanga, mashine zinanguruma. Pezi moja likitokeza, zote zinageuka kwa pamoja na kulikimbilia. Mwongoza wageni anapiga kelele watu waruke, wanaruka, wengine wanaangukia mgongo, na pomboo wameshazama zamani. Wanaibuka mbali kidogo, mbio zinaanza upya. Moshi wa petroli na mawimbi ya boti za wenzetu vilimmaliza mwanangu mdogo. Vitumbua vyote alivyokula njiani vilirudi, nusu vikaishia kwenye mapezi ya kukodi.

Binti yangu alikuwa ameshavaa miwani. Hakuwa akisema kitu. Kila boti zikikimbia aliinuka, zikisimama alikaa.

Nahodha akapunguza moto. Akatuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza chai au kahawa: "Mnataka kuruka au mnataka kuwaona?"

"Tumelipia kuruka," mume wangu akasema.

"Kuwaona," akasema mama.

Mume wangu ni mtu wa hoja, mabishano ya mpira anaweza kuyapeleka mpaka usiku wa manane, lakini mbele ya mama mkwe hoja humkauka. Alivua mapezi. Nahodha akageuza boti, tukaliacha kundi, tukaenda kando mpaka kelele zikawa mbali, akazima mashine. Tukakaa.

Tulikaa muda wa kutosha mama kuanza kumhoji. Yeye kakulia pwani ya Tanga kati ya wavuvi, anajua pa kugusa. Nahodha akasema ujana wake alikwenda na baba yake kwa chusa, ule mkuki wa baharini, na jarife, wavu mkubwa, na pomboo walikuwa chambo cha papa. Nyama yake ngumu, ina mafuta, haitoki upesi kwenye ndoana, na papa anaipenda. Miaka ya 1990 mwanzoni wageni wakaanza kufika, wakilipa ili kumtazama tu, na kijiji kikapiga hesabu: aliyekufa unamuuza mara moja. Uwindaji ukaisha ndani ya miaka michache, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ndiyo bahari ile ile, ikawekwa kuwa eneo la hifadhi.

"Babu, wewe uliwaua?" binti yangu akauliza.

"Niliwaua, mwanangu. Na papa tukamla."

Hakupunguza wala hakujitetea, nami nilimheshimu kwa hilo. Alisema sasa hofu yake ni hizi boti, maana mnyama asiyepata kupumzika atahama. Baadaye nilikuja kusoma kwamba watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kizimkazi waliona jambo hilo hilo: boti za watalii zikiwa karibu, wanapumzika kidogo na kusafiri zaidi. Mzee hakuhitaji kalamu kulijua.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Pfuu, nyuma yetu, kama mtu anayepuliza jiko. Kisha nyingine ubavuni. Tundu la utosini linafunguka, linatema mvuke, linafumba, na harufu yake, samahani kwa wenye picha za mapokezi, ni ya samaki aliyelala. Mmoja alikuwa na pezi lililomeguka kwa nyuma, kama sikio la mbuzi aliyewekwa alama. Alipita chini ya boti, akajilaza ubavu, tumbo lina madoadoa. Nahodha akasema hao wenye madoa ni watu wazima, watoto huwa hawana madoa. Mtoto naye alikuwepo, kabanana na mama yake, wanaibuka pamoja na kuzama pamoja. Binti yangu akapenyeza mkono kuelekea majini.

"Mkono ndani," nahodha akasema, na mkono ukarudi.

Walizunguka, wakaenda, wakarudi. Mama akawaambia, "Haya, karibuni," kama wageni wa barazani. Halafu boti moja ikatuona tumesimama, ikageuza pua. Nahodha hakungoja. Akawasha mashine, akaondoka polepole upande mwingine, ile boti ikatufuata sisi badala ya pomboo, jambo lililomchekesha sana.

Ufukweni kijana wetu wa safari alikuwa anasubiri, kashangilia. Mume wangu akamdai fedha za miwani na mapezi, kwa kuwa havikuguswa na maji.

"Bosi, si mmewaona lakini?"

"Nimewaona. Mapezi je?"

"Mbona yana matapishi?"

Walivutana pale mchangani mpaka kijana akakubali kurudisha elfu kumi. Kabla mume wangu hajanyoosha mkono, mama aliipokea yeye, akashuka nayo mpaka kwenye boti, maji yakimpiga magotini.

"Ya kahawa hiyo," akamwambia nahodha.