Densi, Sekondari Pevu na Chuo cha Ufundi: Pangeni Kabla ya Gredi ya 9

Wazazi wengi wa Nairobi huanza kuuliza habari za densi mambo yakiwa yamechelewa. Mtoto yuko Gredi ya 9, uteuzi wa shule umefunguliwa, na ndipo inapojulikana kwamba shule iliyotamaniwa nyumbani miaka yote haina mkondo wa sanaa. Ni heri mazungumzo haya yafanyike Gredi ya 7. Na yasianze na kipaji, maana kipaji kitajionyesha chenyewe. Yaanze na ratiba: jioni za mtoto huyu ni za nani kwa miaka sita ijayo?

Shule kwanza. Sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, ina mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwaka 2026. Si kila shule ina mikondo yote. Zile za mikondo miwili hufundisha STEM na Sayansi ya Jamii, basi, kwa hivyo ukubwa wa jina la shule hauna uhusiano wowote na densi. Somo lenyewe ni Muziki na Densi, nalo limo katika mkondo wa sanaa pamoja na Tamthilia na Filamu, Sanaa za Uchoraji na Ufinyanzi, na Michezo na Burudani. Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati na somo la huduma kwa jamii ni lazima kwa wote. Mwanafunzi huchagua matatu juu ya hayo.

Somo la tatu ndilo wazazi hulipuuza, nalo ndilo linaloamua milango itakayobaki wazi. Mtoto anayependa densi na ana hamu ya kujua mwili unavyofanya kazi achukue Biolojia kama mchanganyiko wa shule unaruhusu, kwa sababu kozi za tiba ya viungo haziingiliki bila sayansi. Anayependa kupanga sherehe na kuhesabu pesa achukue Biashara.

Kabla ya kuiweka shule kwenye orodha, nendeni mkaulize mambo matatu. Nani anafundisha Muziki na Densi, na je, ameajiriwa kwa somo hilo au ni mwalimu wa somo lingine aliyepewa vipindi vya ziada? Kazi za vitendo hufanyiwa wapi? Wanafunzi wangapi wamelichagua? Jibu la “tutaanza muhula ujao” lichukueni kama hapana. Alama pia zisisahaulike: mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 una uzito wa asilimia 60 katika upangaji wa shule, tathmini za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 asilimia 20. Mtoto aliyetelekeza vitabu Gredi ya 7 kwa sababu ya mazoezi amekwisha kugusa alama hizo.

Wenye watoto kwenye mfumo wa zamani wa 8-4-4 hawana mikondo hii. KCSE ya mwisho, yaani mtihani wa kidato cha nne, ni ya 2027, na kwao densi itabaki shughuli ya nje ya darasa: tamasha za muziki na za drama za shule, ambazo kusema kweli zimelea wachezaji wengi wa nchi hii kuliko studio zote za Nairobi zikijumlishwa.

Sasa la bweni. Mtoto anayefunzwa baleti au densi ya kisasa kwenye studio akipelekwa bweni, mafunzo yamesimama, hata kama hakuna aliyelitamka hilo. Anakaa muhula mzima bila darasa, anarudi likizoni akiwa ameongezeka urefu, anaingizwa kwenye kozi ya likizo ya saa tano kwa siku, na wiki ya pili anachechemea. Kama studio ni muhimu, tafuteni shule ya kutwa. Ikiwa bweni haliepukiki, ombeni mwalimu wa densi aandike programu ya dakika 20 ya kufanya bwenini siku nne kwa wiki (kuimarisha vifundo, tumbo na nyonga), na likizo ikifika wiki ya kwanza iwe nusu ya mazoezi ya kawaida.

Mwili wa mtoto una sheria zake, na hapa ndipo pa kuwa wakali hata mbele ya mwalimu. Kipimo rahisi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka, na kuwe na angalau siku moja kamili ya kupumzika. Wa miaka 10 akifanya saa 14, mmepita. Kati ya miaka 10 na 15 mifupa hurefuka haraka kuliko misuli inavyoweza kuifuata. Mtoto aliyegusa vidole vya miguu bila shida Januari hafiki Juni, anapoteza mizani, analia kwamba amesahau kucheza. Hajasahau. Mwalimu anayemsukuma kwa nguvu kwenye mnyumbuko wakati huo ndiye anayeleta jeraha.

Maumivu pia yana lugha yake. Yakiwa nyuma ya kisigino, au kwenye kinundu kilicho chini ya goti, kwa mtoto anayekua, mara nyingi ni msuli unaovuta mahali mfupa bado unakua. Punguzeni kuruka na mumwone mtaalamu wa viungo. Maumivu yaliyotanda kando ya muundi mara nyingi hutoka kwenye sakafu ngumu na mazoezi yaliyoongezwa ghafla. Lakini mtoto akiweza kukuonyesha kwa kidole kimoja mahali panapouma kwenye mfupa, na pakiuma hata usiku, asicheze tena hadi daktari amwone. Ufa mdogo wa mfupa huweza usionekane kwenye eksirei ya siku za kwanza, kwa hivyo picha safi isiwe ruhusa ya kurudi jukwaani. Kwa wasichana, hedhi iliyokatika miezi mitatu, au ambayo haijaanza kufikia miaka 15, ni ya kupelekwa kliniki. Mara nyingi sababu ni chakula kidogo kuliko kazi ya mwili. Saa moja na nusu hadi mbili kabla ya darasa ale kitu cha wanga, viazi vitamu au ndizi na uji. Akimaliza ale ndani ya saa moja chakula chenye protini: ndengu, mayai, githeri, omena. Studio inayompima mtoto uzito mbele ya wenzake, ondokeni.

Sakafu hutazamwa na wachache. Kumbi nyingi za kukodisha mjini ni saruji iliyopigwa vigae, na saruji haipokei mshtuko wa kuruka. Mshtuko wote unarudi muundini. Ingia, vua viatu, ruka mara kumi papo hapo, utajua. Studio isiyo na pesa nyingi inaweza kupanga vipande vya sponji ngumu vya unene wa sentimita 5 kila baada ya sentimita 30 hivi, juu yake tabaka mbili za plaiwudi ya milimita 12 zilizofungwa kwa skrubu, viungo vya tabaka la juu visiangukie juu ya viungo vya chini. Fundi wa mbao yeyote anayeaminika huimaliza kazi hiyo. Nyumbani, kwenye fleti ya sakafu ya vigae, mtoto asiruke kabisa. Ashike mgongo wa kiti kizito afanye mazoezi ya miguu.

Viatu vya baleti havinunuliwi vya kukulia kama vya shule. Kikiwa kikubwa, kitambaa kinakunjamana chini ya wayo na mtoto anajifunza kukunja vidole ili kisitoke. Kikae kama soksi, vidole vikiwa vimenyooka. Vya turubai hufuliwa, tena ni nafuu kuliko vya ngozi. Lastiki hushonwa nyumbani: kunja kisigino cha kiatu kuelekea ndani, na pale kona za mkunjo zinapoangukia pande zote mbili ndipo pa kushona. Usitoboe mfereji unaopita kamba ya kukazia, la sivyo kamba haitavutika tena.

Viatu vya kusimamia ncha za vidole ni habari nyingine. Visivaliwe kabla ya miaka 11 au 12, na hata hapo ni kwa mwenye miaka kadhaa ya mafunzo ya mfululizo na madarasa mawili au matatu kwa wiki. Aweze kusimama mguu mmoja na kuinua kisigino mara 20 goti likiwa limenyooka, bila kuyumba, kila mguu. Na visinunuliwe mitumbani, hata viwe vimeng’aa namna gani. Ubao wa ndani umeshalegea na umeshika umbo la mguu wa mtu mwingine. Kifundo cha mtoto wako ndicho kitakacholipa.

Mkienda kuangalia studio, ombeni kukaa darasa zima. Mwalimu ana cheti gani cha kufundisha, na cha umri upi? Kwa baleti, mitihani ya RAD (Royal Academy of Dance ya Uingereza) huanza na hatua za watoto wadogo, ikapanda Gredi ya 1 hadi 8. Ngazi za kitaaluma huanzia Intermediate Foundation, ambayo mtoto haifanyi kabla ya miaka 11. Studio inayowarukisha watoto ngazi ili wazazi wafurahi huwa inaficha kitu. Ulizeni pia nani anapiga video. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi, na darasa la watoto kuanikwa TikTok bila kuulizwa si jambo dogo. Somo la mtoto peke yake na mwalimu lifanyiwe mlango ukiwa wazi. Jambo baya likitokea, simu ya watoto ni 116, bila malipo.

Ngoma za asili zisidharauliwe na wanaoona baleti ndiyo densi ya kweli. Isukuti ya Waisukha na Waidakho imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka tangu 2014. Mchezaji anayeiweza, akaongeza sengenya ya Wamijikenda au mwomboko wa Wakikuyu, ana kazi za jukwaani ambazo mwenye baleti peke yake hazipati.

Gharama inayowashangaza wengi ni nauli. Piga hesabu: madarasa matatu kwa wiki, mtoto na mtu mzima, kwenda na kurudi, ni nauli 12. Kwa wastani wa shilingi 70, hiyo ni 840 kwa wiki, na 10,080 kwa muhula wa wiki 12. Saa kumi na moja jioni hupanda, na mvua ikinyesha hupanda tena. Mara nyingi studio ya wastani iliyo karibu hushinda ile nzuri iliyo upande wa pili wa mji, angalau hadi mtoto afike miaka 12.

Baada ya sekondari, shauri linalotolewa sana ni “asome kitu cha kumsaidia densi ikikataa”. Nalo halisaidii, kwa sababu fani nyingi zinazopendekezwa hula saa zilezile za densi. Upishi na hoteli ndio mfano mbaya zaidi: kazi ni jioni, wikendi na sikukuu, na maonyesho yote yako jioni, wikendi na sikukuu. Chagueni fani ya mchana. Ushonaji na ubunifu wa mavazi unafaa mno, maana vikundi vya densi havina mtu wa kushona maleba yanayostahimili kuruka (mshono wa kwapani ndio huachia kwanza, kwa kukosa kipande cha ziada). Umeme wa majumbani pia unafaa, na humpeleka kijana kwenye taa za jukwaani. Ususi na vipodozi hufaa akiwa na wateja wa miadi, lakini saluni ya Jumamosi ni kifungo.

Kwa chuo chochote cha ufundi, hakikisheni kwenye orodha ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, kwamba chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe imeidhinishwa. Hayo ni mambo mawili. Kuna vyuo vyenye usajili halali vinavyoendesha kozi zisizo na idhini, na mwanafunzi hugundua wakati wa kusajiliwa kwa mtihani. Kwa wenye KCSE, diploma kwa kawaida hutaka C- na cheti cha ufundi hutaka D; chini ya hapo kuna ngazi za msingi, na vyuo vya ufundi vya kaunti hupokea hata wasio na alama hizo. Aliyejifunzia kazi mikononi mwa fundi anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia Gredi III kupanda hadi I.

Mafunzo ya nyanjani ndiyo huvuruga kila kitu. Miezi hiyo kijana yuko kazini kutwa nzima na jioni amechoka. Ulizeni tarehe zake kabla ya kulipa karo, kisha mwambieni mwalimu wa densi mapema asimpe nafasi ya mbele kwenye onyesho la kipindi hicho. Apunguziwe madarasa hadi mawili kwa wiki, bila maonyesho, na aongeze tena polepole akirudi chuoni.