Siku moja na maganda ya kirusi cha homa ya ini

Saa 1 asubuhi nishafika maabara, huku Ujerumani msimu huu bado giza. Hata chai sijanywa naenda kutoa tyubu kwenye ile sentrifuji kubwa (mashine ya kuzungusha ili vitu vizame chini) iliyozunguka usiku kucha, maana chembe zetu, yaani hayo maganda, ni ndogo mno, nanomita 22 hivi, hazizami kwa saa moja mbili. Chini kunabaki kidoa ambacho usipojua pa kuangalia utakimwaga. Nakiwekea bafa kidogo, yaani maji ya chumvi ya maabara, nakiacha kwenye barafu kilainike chenyewe.

Saa 3 ni zamu ya seli. Zetu ni HEK 293, seli za figo la binadamu zinazofugwa maabara, zinakaa nyuzi 37 na kaboni dioksaidi asilimia 5, na zinadeka kama vifaranga vya kisasa. Nachanganya PEI, kemikali ya kuingiza DNA kwenye seli, na plasmidi, kipande cha DNA cha duara, yenye jeni ya protini S, ile protini ya ganda la hepatitis B (ndo homa ya ini yenyewe), nasubiri dakika 20, nazidondoshea taratibu. Baada ya siku kama tatu protini zinajipanga zenyewe na mafuta ya seli zinakuwa vimpira, vinatemwa nje kwenye midia, ule uji wa chakula cha seli, sisi hatupangi chochote, mpaka leo naona maajabu tu.

Mchana shangazi kapiga, "mwanangu hicho kirusi hakitakupata?" Shangazi, hamna kirusi hapo, ni ganda, ndani hamna DNA. Hata chanjo ya tangu 1986 ni ganda hilihili ila la kwenye hamira. Sisi tunatumia seli za binadamu kwa sababu hamira haiwekei hii protini sukari zile inazokuwa nazo kwenye damu ya mgonjwa, na hizo sukari ndo tunazichunguza. Mimi ninachoogopa ni maikoplazima, bakteria wadogo sana, ikiingia kwenye seli midia haichafuki, huoni kitu, mpaka upime.

Saa 8 ELISA, kipimo cha rangi cha kuonyesha protini ipo. Visima vya sahani ya kipimo vinageuka bluu, unatia asidi vinakuwa njano, jamaa wa meza ya pili ananipongeza, mi nanyamaza.

Saa 11 napakia midia iliyovunwa leo juu ya sukrozi (maji ya sukari) kwenye sentrifuji, tyubu zinazotazamana lazima zilingane uzito, halafu siondoki mpaka mashine ifike spidi. Hadubini ya elektroni nimepata nafasi Alhamisi, na kabla ya hapo sisherehekei, maana njano ya ELISA inakwambia protini ipo, haikwambii kama imeshakuwa chembe.