Siku moja maishani mwangu: swichi tatu, na ya pili nusura inipate

Saa 12:40 asubuhi

Nimevua pete. Siku ya kazi ndicho kitu cha kwanza, kabla hata ya kupiga mswaki, maana nikingoja nifike nitasahau. Pete ikigusa waya wa moto upande huu na kisanduku cha chuma upande ule, kidole kilichomo ndani kinaungua mzunguko mzima. Saa ya mkononi nayo inabaki mezani.

Huu ni mwezi wa nne najifunza kazi ya umeme chini ya Fundi. Miezi mitatu ya kwanza nilibeba ngazi, nikashika tochi, nikaokota skrubu. Wiki hii ndiyo nimeruhusiwa kufungua swichi kwa mkono wangu, yeye akiwa kasimama nyuma. Leo zipo tatu katika nyumba moja: ya taa ya chumbani, ya ngazini na ya hita ya maji.

Mkobani: bisibisi bapa mbili, ya nyota moja, zote vipini vyake vimeandikwa volti 1,000, plaisi, kimenyeo cha waya, tepu nyekundu na nyeusi, tochi ya kichwani, mita ya kupimia umeme. Testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme, ninayo pia, ila nitaeleza kwa nini siiamini tena.

Saa 2:05

Mwenye nyumba ametupokea na malalamiko yote kwa mpigo. Ya chumbani inatatarika ukiibonyeza. Ya ngazini kibonye kimoja kimelegea. Ya hita inatoa harufu.

"Harufu ya nini, Mama?" Fundi akauliza.

"Kama plastiki imewekwa karibu na moto."

"Ilianza lini?"

"Mwezi uliopita. Lakini maji bado yanapata moto vizuri."

Fundi akanitazama. Hakusema neno, ila nilijua ile ya hita tutaiachia muda mrefu zaidi.

Saa 2:20

Sanduku la breka, zile swichi zinazokata umeme wa kila sehemu ya nyumba. Maandishi yapo, yameandikwa kwa penseli na mtu aliyekuwa na haraka. Nimejifunza kutoyaamini. Nikawasha taa ya chumbani, nikarudi, nikashusha breka moja baada ya nyingine mpaka mwenye nyumba akapaza sauti kwamba taa imezimika. Ilikuwa ya tatu. Karatasi ilisema ya pili.

Fundi akauliza swali lake la kila siku: "Umezima. Nani mwingine anajua umezima?"

Jibu ni tepu juu ya breka pamoja na karatasi: USIWASHE, KUNA MTU KAZINI. Watu wa nyumbani hawana ubaya. Wanaona tu umeme umekatika, wanaenda kuurudisha, na wewe vidole vimo ukutani.

Halafu kupima. Mita naijaribu kwanza kwenye soketi ninayojua ina umeme, nione namba. Kisha napima pale nitakapofanya kazi. Kisha narudi kwenye ile soketi tena. Safari ya tatu ndiyo wanaoanza wanaiona ni kupoteza muda, lakini ndiyo inayokuambia kwamba mita haikufa katikati.

Sasa habari ya testa. Mwezi jana nilikuwa juu ya ngazi ya mbao, buti za mpira, jua linaingia dirishani. Nikagusa waya, kitaa hakikuwaka. Nikasema, "Fundi, hauna moto." Akaniambia shuka. Akapanda na mita, ikasoma volti 236. Testa ile inawaka kwa umeme kidogo sana unaopita mwilini mwako kwenda chini. Ukijitenga na ardhi kwa mbao na mpira, kitaa kinafifia, na kwenye mwanga wa mchana hukioni kabisa. Tangu siku hiyo testa yangu ni bisibisi ndogo tu.

Saa 2:50, chumbani

Skrubu mbili, kava likatoka. Nikapima kabla ya kugusa: kati ya kila waya na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), na kati ya nyaya zenyewe. Sifuri kote. Nikapiga picha kwa simu.

Ndani nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, pamoja na ethi iliyofungwa kwenye kisanduku. Hapa ndipo mtu aliyesoma juujuu anapojikwaa. Anajua nyeusi ni nyutro, waya wa kurudishia umeme, basi anadhani nyeusi haiumi. Kwenye swichi ya taa ya kawaida hakuna nyutro hata kidogo. Nyekundu inaleta moto, nyeusi inaupeleka kwenye balbu. Ukiwasha swichi, nyeusi ina moto sawasawa na mwenzake. Fundi huizungushia tepu nyekundu ili atakayekuja asidanganyike. Na hizi ni rangi za zamani: siku hizi katika nchi nyingi moto ni kahawia, nyutro ni bluu, ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Uingereza ilianza kuhamia rangi hizo mwaka 2004. Nyumba iliyoongezwa vyumba inaweza kuwa na za aina zote mbili, na kwingineko duniani nyeusi ndiyo waya wa moto wenyewe. Rangi inakupa fununu. Mita ndiyo inakupa jibu.

Kazi yenyewe ni fupi. Kulegeza skrubu, kutoa waya, kukata ncha iliyochakaa, kumenya kama milimita 8, kuingiza, kukaza, kuvuta. Kukaza kuwe kwa nguvu lakini si kwa hasira. Kuvuta ni lazima: waya ukitoka kwa kuvutwa na vidole ungetoka pia ukutani wakati unaukunja kurudisha swichi mahali pake.

Nilikosea kumenya. Kimenyeo kikauma shaba, kikaacha kialama kama cha jino. Nikajifanya sijakiona. Fundi akakiona. "Hapo ndipo utavunjika ukiukunja," akasema, nikakata, nikaanza upya.

Saa 4:10, ngazini

Hii ndiyo sababu ya kuandika leo.

Swichi ya ngazini ina vibonye viwili: kimoja cha taa ya ukumbini, kingine cha taa ya juu ya ngazi, ambayo inawashwa chini na kuzimwa juu. Breka ya tatu bado imeshushwa, tepu bado ipo. Nikabonyeza kibonye cha ukumbini: giza. Nikaridhika. Nikafungua kava, mkono wa kushoto tayari umeanza kuvuta swichi nje kwa kingo zake ili nione nyaya.

"Umepima?"

Kwa kweli sikuwa nimepima. Nilikuwa nimepima chumbani, breka ni ile ile, taa haiwaki. Nikachukua mita kwa kumridhisha tu. Nyaya za kibonye cha kwanza: sifuri. Za kibonye cha pili: 238.

Nilihisi tumbo likishuka. Kisanduku kimoja, kava moja, kidole changu kikiwa kama sentimita mbili tu kutoka kwenye skrubu yenye moto. Taa ya juu ya ngazi ilikuwa inalishwa na breka ya taa za ghorofani, ya tano. Aliyefunga nyumba hii hakufanya jambo geni. Ngazini ndipo saketi, yaani njia za umeme, za chini na za juu zinapokutana, na swichi ya vibonye viwili inaweza kubeba zote mbili. Kuona taa moja imezimika kunakuambia habari za taa hiyo tu.

Fundi hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema tu, "Kazime ya tano, kisha anza upya kupima. Yote." Nikapima yote. Mara tatu, na safari hii sikuhesabu hatua.

Baada ya hapo nyaya zenyewe zilikuwa mchezo. Kibonye cha taa inayowashwa pawili kina matundu matatu: COM (la pamoja), L1 na L2. Ukijua waya uliokuwa COM umemaliza. L1 na L2 hata zikibadilishana taa itafanya kazi. Nikaufunga tepu kabla ya kuulegeza, maana swichi mpya ina COM upande tofauti na ya zamani, na anayefuata nafasi badala ya maandishi anapata taa inayotii siku ikipenda.

Saa 7 mchana

Mapumziko. Tulikaa kivulini, tukanyamaza. Mikono yangu ilinuka shaba.

Saa 8:00, hita

Swichi ya hita iko nje ya bafu karibu na mlango, na hapo ndipo pake. Ina kitaa chekundu. Tukazima breka yake, tepu, karatasi, mita. Kava lilipotoka harufu ikatoka nayo.

Tundu moja la nyaya lilikuwa limekuwa kahawia, plastiki imejikunja kama jani kavu. Skrubu yake niliigeuza kwa ncha ya bisibisi bila kutumia nguvu yoyote. Ilikuwa imelegea muda mrefu.

Fundi akanipigisha hesabu palepale. Hita imeandikwa wati 3,000, umeme volti 240: ampea 12.5. Mahali waya unapogusana vibaya na skrubu, ukinzani ukifika hata nusu omu tu, joto linalozaliwa ni 12.5 mara 12.5 mara nusu, yaani wati 78. Ni balbu ya zamani inayowaka ndani ya tundu lisilofika upana wa kidole, kila siku maji yanapopashwa. Balbu ya kisasa ya wati 10 inavuta chini ya ampea 0.05, skrubu yake ikilegea inapepesa na kutatarika, basi. Ndiyo maana swichi hizi mbili, hata kama kwa nje zinafanana, si kitu kimoja.

Mwenye nyumba alikuwa tayari ameandaa swichi mpya. Fundi akaigeuza nyuma: ampea 10, na inakata waya mmoja. Akamrudishia kwa heshima. "Hii ni ya taa, Mama. Ya hita inatakiwa ampea 20 na ikate nyaya zote mbili, moto na nyutro pamoja." Tulikuwa nayo garini.

"Shemeji yangu alishauri tuongeze ukubwa wa breka," mwenye nyumba akasema.

"Breka inalinda waya. Ukiikuza, waya ndio utageuka breka, na wenyewe uko ndani ya ukuta."

Nilipenda jibu hilo. Na isieleweke kwamba ampea 20 inatosha kila kitu kinachopasha maji: bomba la kuogea linalopasha papo hapo la wati 5,500 kwenye volti 220 linavuta ampea 25, na swichi hii ingeungua nalo.

Waya uliokuwa kwenye lile tundu ulikuwa mweusi na ganda lake limekauka, likipinda linapasuka. Nikakata kidogokidogo mpaka shaba ikang'aa na ganda likawa laini tena. Kama sentimita 4 ziliondoka. Bahati ukutani kulikuwa na ziada. Isingekuwepo, kazi ingekuwa ya waya mpya, na mtu anayejifunza hapo anafunga kava, anaacha breka chini, anamwita mwenye uzoefu. Nyaya zinazotoka kwenye breka zikaenda upande ulioandikwa SUPPLY, za kwenda kwenye hita upande wa LOAD, ethi mahali pake. Nikakaza, nikavuta, nikakaza tena. Fundi akavuta baada yangu. Hakuna uliotoka.

Saa 9:30

Kabla ya kurudisha umeme nilifungua bomba la maji ya moto mpaka maji yakatoka bila kukohoa hewa. Tangi likiwa tupu, kipashio kinaungua mara moja. Kisha kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampea 30: nikabonyeza kitufe chake cha kujaribia, kikaruka. Kikarudishwa. Breka ikapanda, kitaa chekundu kikawaka.

Tukasubiri nusu saa. Mgongo wa mkono wangu juu ya kava jipya: vuguvugu hafifu, sawa na ukuta uliopigwa jua la asubuhi. Harufu hakuna.

Saa 10:40

Mwenye nyumba akauliza kama siku nyingine anaweza kubadilisha mwenyewe. Fundi alimjibu kwamba kwanza aulize sheria ya mahali anapoishi, maana kuna nchi ambako kugusa nyaya za ukutani ni kazi ya mwenye leseni peke yake. Sheria ikiruhusu, swichi ya taa yenye nyaya mbili, ndiyo, akishapima. Yenye nyaya asizoweza kueleza kila mmoja unatoka wapi na unakwenda wapi, hapana. Iliyoungua, hapana. Ya hita, atupigie.

Mimi nilikuwa kwenye sanduku la breka, nafuta penseli ya zamani, naandika upya kwa wino. Halafu nikarudi ngazini, nikafungua kava kwa mara ya mwisho, nikabandika karatasi upande wake wa ndani: BREKA MBILI, YA 3 NA YA 5.

Fundi akaisoma begani mwangu. "Andika na nje," akasema. "Ya ndani ataisoma aliyekwisha kufungua."