Diski inayojibu kwa majina mawili

Wiki hii nimeishi ndani ya KiB 512 (kila KiB ni baiti 1024) za mwanzo na KiB 512 za mwisho za diski. Katikati pana terabaiti kadhaa ambazo sikuzigusa wala sikuzihitaji. Kazi yangu, kwenye programu ya kuandaa diski, ilikuwa mipakani, huko ambako mifumo ya faili (kanuni za kupanga faili kwenye diski) huandika majina yake, na ambako karibu kila mmoja anajua kuandika lake bila kujali aliyetangulia aliacha nini.

Tatizo lenyewe ni hili. Diski imekaa miaka ndani ya kundi la ZFS, mfumo wa faili unaounganisha diski kadhaa kuwa kundi moja. Inatolewa, inafomatiwa upya kwa XFS, mfumo mwingine, skripti inaipachika kwa kutaja aina waziwazi, faili zinajaa, kila mtu anafurahi. Siku mashine inazimwa na kuwashwa tena, diski haionekani. Kerneli ya Linux inaiona, ila ile njia yake ndani ya /dev/disk/by-uuid haipo. Systemd, inayosimamia uwashaji wa mashine, inaisubiri kwa sekunde 90, inachoka, kisha inamwacha msimamizi kwenye hali ya dharura. Ukijaribu kuipachika kwa mkono bila kutaja aina, mount inakujibu kwamba imekuta mifumo ya faili zaidi ya mmoja. Ukitaja -t xfs inakubali papo hapo, na faili zote zimo, salama salimini.

Hakuna kilichoharibika, na ndiyo maana ripoti za namna hii huwachosha watu. Mwenye diski ameshaanza kuagiza nyingine.

Kinachotokea ni kwamba udev, inayotengeneza njia hizo za /dev, haijiamulii yenyewe diski ina nini. Inaiuliza maktaba ya libblkid, na libblkid hupita ikitafuta alama: herufi au namba maalumu mahali maalumu. Ext4 huweka namba 0xEF53 kwenye baiti ya 1080. XFS huandika XFSB kwenye baiti ya kwanza kabisa. Btrfs husubiri hadi KiB 64 ndipo ijitambulishe. Swap, eneo la diski linalosaidia kumbukumbu, huweka SWAPSPACE2 mwishoni mwa ukurasa wa kwanza, LVM, inayogawa diski kwa urahisi zaidi, huandika LABELONE ndani ya sekta nne za mwanzo, GPT, jedwali la patisheni (sehemu za diski), ina kichwa sekta ya pili na nakala sekta ya mwisho ya diski nzima. Kwa kuwa kila mmoja alichagua mahali pake, alama mbili au tatu zinaweza kukaa kwenye diski moja miaka mingi bila kugusana. Libblkid ikiona mbili zisizopatana, inakataa kuchagua. Udev nayo, ikikosa jibu, haitengenezi njia.

Kukataa huko mimi nakuunga mkono. Chombo kinachobahatisha aina ya mfumo wa faili kitakuja kubahatisha vibaya siku fulani, na siku hiyo kitaandika juu ya data ya mtu. Afadhali diski isiwake.

Lakini alama si ushahidi wa kutosha, na hapo ndipo nilipotaka kufanya kazi. Dalili ya mvua ni mawingu, ila kwenye diski mawingu hayo yanaweza kuwa ya mwaka juzi.

Nilianza na ZFS kwa sababu yenyewe ndiyo yenye mabaki magumu kuliko yote. Huandika lebo nne za KiB 256 kila moja, mbili mwanzoni na mbili mwishoni, kwa makusudi: ukipoteza upande mmoja, mwingine ubaki. Ndani ya kila lebo, KiB 16 za mwanzo ni nafasi tupu na ya kuwashia, KiB 112 zinazofuata ni orodha ya maelezo (jina la kundi, namba yake ya utambulisho, hali yake, jina la mashine iliyolitumia mara ya mwisho, ukubwa wa sehemu inayotumika), na KiB 128 za mwisho ni safu ya uberbloki, zile rekodi ndogo zinazoonyesha muamala wa karibuni, kila moja ikianza na 0x00bab10c. Diski za sekta za KiB 4 huwa na nafasi 32 za uberbloki kwa kila lebo. Zidisha kwa nne.

Sasa leta mkfs.xfs, amri ya kutengeneza XFS. Kabla ya kuandika chochote, huandika sufuri kwenye KiB 128 za mwanzo na KiB 128 za mwisho. Ni ustaarabu mzuri, uliopangwa kwa ajili ya alama za swap, JFS, ext na ReiserFS mwanzoni, na superbloki (rekodi kuu za utambulisho) za RAID ya md, safu za diski zinazoungwa na Linux, mwishoni. Chukua karatasi uchore. KiB 128 za mwanzo zinaondoa orodha ya maelezo ya lebo ya kwanza na kuacha uberbloki zake zote. KiB 128 za mwisho, kama ukubwa wa patisheni unagawanyika sawasawa, zinaondoa uberbloki za lebo ya nne na kuacha orodha yake ya maelezo. Lebo ya pili na ya tatu zinabaki nzima, hadi siku faili fulani itakapoangukia juu yake. Diski ikiwa ya sahani na haijawahi kujaa, siku hiyo huenda isifike.

Nilipouona mchoro huo nilicheka peke yangu. Upande mmoja umekatwa kichwa, upande wa pili umekatwa miguu, na kila chombo kinatambua kiungo tofauti. Libblkid kwa muda mrefu ilihesabu uberbloki na kutaka angalau nne kabla ya kutamka ZFS. Baadaye ikabadilishwa isome orodha ya maelezo. Amri ya zpool import, inayofungua makundi ya ZFS, yenyewe husoma orodha. Kwa hiyo kwenye mashine yenye libblkid ya zamani ungeweza kufuta uberbloki moja moja kwa wipefs, amri ya kufuta alama, mpaka idadi ishuke, libblkid ikatulia na kusema ni XFS tu, halafu zpool import ikaleta jina la kundi lililokufa zamani, limeandikwa UNAVAIL (halipatikani), kana kwamba linasubiri wenzake warudi. Vyombo viwili, diski moja, majibu mawili, na kila kimoja kina haki kwa kanuni zake.

Mwenzangu tunayeshirikiana naye kwenye programu hii ya kuandaa diski hakuona haja ya falsafa yote hiyo. "Kaka, futa MiB moja mwanzo na MiB moja mwisho, tukalale," aliniandikia. Nilimjibu kwamba mabishano yake yana nusu ya ukweli, naye akauliza nusu ipi, na tukapoteza jioni nzima.

Nusu ya ukweli ni hii: anayetengeneza mfumo mpya wa faili ameshapewa ruhusa. Mtumiaji ametamka kwamba vilivyomo havina thamani tena. Hapo kufuta kwa ukarimu ni wajibu, na KiB 128 ni uchoyo. MiB moja kila upande inazifunika lebo zote nne za ZFS, superbloki za md za kila toleo, na mengi mengineyo. Mke2fs, inayotengeneza ext, nayo hufuta mwishoni, kati ya KiB 64 na 128, kwa ajili ya superbloki ya zamani ya md, kisha inaishia hapo. Kila mwandishi alimfutia jirani aliyemfahamu wakati huo. ZFS ilipohamia mtaani, hakuna aliyerudi kupima upya. Basi upande wa kuandaa nilimkubalia: tumeongeza, tena kwa pande zote mbili.

Nusu isiyo ya ukweli inahusu diski ambazo tayari zinafanya kazi. Huko duniani kuna diski nyingi zenye XFS hai na lebo za ZFS zilizokufa, na huwezi kuziambia zifomatiwe upya. Wala huwezi kuchukulia kwamba alama mbili maana yake moja ni takataka. Mfano ulio wazi ni RAID 1 (diski zenye nakala ileile) yenye metadata ya toleo la 0.90 au 1.0. Superbloki yake hukaa mwishoni, kwa hiyo ukitazama diski moja pekee unaona mfumo wa faili mzima mwanzoni na alama ya RAID mwishoni. Zote mbili zi hai. Ukifuta ya mwisho ukidhani ni mabaki, umeivunja safu. Ukiiacha na kupachika diski moja peke yake kwa kuandika, nakala mbili zinaanza kutofautiana na hakuna atakayekuambia. Ndiyo maana libblkid huipa RAID kipaumbele: ikiiona, haiendelei kutafuta mifumo ya faili chini yake.

Kwa hiyo badala ya kuuliza "kuna alama?" nimeifanya programu yetu iulize "anachodai huyu kinaendana na hapa alipo?" Maswali yenyewe ni ya kawaida mno. Superbloki ya ext4 inataja idadi ya bloki. Je, zinatosha ndani ya patisheni hii, au inadai nafasi iliyo kubwa kuliko diski? Hesabu ya uhakiki, ile namba inayokokotolewa kutoka kwenye data ili kugundua mabadiliko, inakubali? Lebo ya ZFS inataja ukubwa. Je, unakaribiana na wa hapa? Lebo ngapi kati ya nne zimekamilika, na zinataja kundi moja?

Hapo kwenye hesabu ya uhakiki ndipo nilipokutana na kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. ZFS haihesabu uhakiki wa lebo (SHA-256) kwa data yake pekee. Huingiza pia mahali ilipoandikwa, kuanzia mwanzo wa kifaa. Lebo ileile, baiti kwa baiti, ikionekana mahali tofauti, hesabu inakataa. Fikiria diski nzima iliyowahi kupewa ZFS bila patisheni, kisha ikagawanywa upya ikapata patisheni moja inayoanzia baada ya MiB ya kwanza na kufika hadi mwisho. Lebo za mwisho za diski nzima zinaonekana pia kama lebo za mwisho za patisheni. Kwa alama tu, huwezi kujua ni za nani. Kwa hesabu ya uhakiki unajua mara moja, kwa sababu kutoka mwanzo wa patisheni umbali umepungua kwa MiB moja. Waliobuni walitaka kukamata maandishi yaliyopotea njia. Miaka mingi baadaye inanisaidia mimi kutenganisha diski na patisheni yake. Md toleo la 0.90 halina bahati hiyo. Superbloki yake huwekwa kwenye mpaka wa KiB 64 karibu na mwisho, na patisheni ya mwisho ikiishia pazuri, haiwezekani kusema kama superbloki ni ya patisheni au ya diski nzima. Matoleo ya 1 na kuendelea yalirekebisha hilo kwa kuandika ndani ya superbloki mahali inapotakiwa kuwa.

Majibu ya programu yetu sasa ni matatu: hai, mabaki, na haieleweki. Hilo la tatu lilipigiwa kelele. Watumiaji hawapendi chombo kinachosema hakijui. Nami nilishikilia, kwa sababu yapo mazingira ambayo kweli hayajulikani: lebo mbili nzima kati ya nne, ukubwa unaendana, na juu yake superbloki ya XFS iliyo sahihi pia. Inaweza kuwa XFS iliyoandikwa juu ya ZFS iliyokufa. Inaweza pia kuwa mtu alikosea herufi ya diski usiku na kuendesha mkfs juu ya diski hai, na sasa anatafuta namna ya kuokoa lebo zilizobaki. Huyo wa pili ndiye ninayemwogopa zaidi. Programu ikimfutia "mabaki" kwa hisani yake, imemmaliza.

Majaribio hayakuhitaji diski halisi, nashukuru. Faili tupu za truncate, losetup juu yake ili zionekane kama diski, kundi la ZFS, kisha mkfs ya aina moja baada ya nyingine, na blkid -p kuuliza kila hatua. Inachosha lakini inafundisha. Ndivyo nilivyogundua kwamba vijiti vya USB vilivyowahi kuandikwa picha ya ISO ndivyo sugu kupita vyote kwa udogo wake. Alama ya CD001 iko baiti ya 32769, patisheni mpya inaanzia baada ya MiB ya kwanza, na hakuna kinachoandika katikati yake. Unafomati patisheni mara ngapi utakavyo, kijiti kinaendelea kujitangaza kwa jina la mfumo uliosakinishwa zamani.

Kufuta nako kuna mpangilio wake, na hili nimeliandika kwenye maelekezo kwa herufi nzito: anza na patisheni, malizia na diski nzima. Ukifuta jedwali la patisheni kwanza, umepoteza ramani ya mahali alama za ndani zilipo, nazo zinabaki. Atakayekuja kuunda patisheni nyingine kuanzia sekta ya 2048, kama vyombo karibu vyote vinavyofanya, ataikuta superbloki ya zamani imekaa pale pale ilipokuwa. LVM angalau huuliza, "ext4 signature detected", inataja baiti ya 1080, na kusubiri jibu.

Na kabla ya kufuta chochote, wipefs -n kuona, kisha wakati wa kufuta ongeza -b kuhifadhi. Wipefs haifuti mfumo wa faili, inafuta zile baiti chache za alama tu, na faili ya akiba inaweza kurudishwa kwa dd. Nimeifanya akiba hiyo iwe lazima kwetu, haina swichi ya kuizima. Mwenzangu ameshafungua ombi la kuiongeza swichi. Sijalijibu bado.

Kilichobaki mezani ni diski za SSD. Mkfs nyingi hutuma agizo la kuachia bloki zote kabla ya kuandika, na watu wanaamini hapo kila kitu kimekuwa sufuri. Diski nyingine husoma sufuri baada ya agizo hilo, nyingine hazitoi ahadi yoyote. Hiyo ndiyo kazi ya wiki ijayo: kuandika sufuri mipakani hata baada ya agizo hilo, kisha kusoma tena kuthibitisha.